Kunguru Wawili na Somo la Biolojia

Katika miji ya mwambao wa Afrika ya Mashariki, jina "kunguru" hubeba ndege wawili walio mbalimbali. Mmoja ni mwenyeji wa bara hili tangu kale: ni mweusi, lakini kifua chake na ukosi wa shingo ni vyeupe, kama mtu aliyevaa shati safi chini ya koti. Wa pili ni mgeni kutoka Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa takataka mjini. Huyu ni mdogo kidogo kuliko mwenzake, wala hana weupe wo wote. Shingo na kifua chake ni vya kijivu. Mgeni hakutosheka na takataka. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku, na kila penye watu na mabaki ya chakula yeye hustawi. Mwaka 1947 alikwisha onekana Mombasa, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja.

Hapo ndipo elimu ya kutambua ndege inapoacha kuwa burudani ya watalii wenye darubini. Mtu aliyeagizwa kupunguza kunguru, naye hajui kutofautisha shingo hizo mbili, atavunja kiota cha mwenyeji kwa makosa ya mgeni.

Je, shule zetu humwandaa kijana kwa kazi hiyo? Mwanafunzi wa sekondari huweza kutaja bila kusita sifa za jamii ya ndege: manyoya, mabawa, damu yenye joto lisilobadilika, mayai yenye ganda gumu. Akiulizwa ni ndege gani aliyejenga katika mnazi ulio nje ya darasa lake, hujibu kwamba ni ndege tu. Amefundishwa kundi zima, hakufundishwa hata mmoja wa kundi hilo.

Wanaojaribu kujifunza wenyewe mara nyingi hushika rangi, na rangi ni shahidi mgeugeu. Kwelea kwelea, adui wa mtama na mpunga, hujulikana kwa mdomo wake mwekundu. Lakini wakati wa kuzaa mdomo wa jike hugeuka manjano, na dume, msimu huo ukiisha, huvua mapambo yake akafanana na jike. Mnana dume naye hufanya vivyo hivyo. Mkulima anayetazama rangi peke yake atawahesabu mnana wa kijijini kuwa jeshi la kwelea.

Yafaa basi macho yazoezwe kuanza na umbo, hasa mdomo, kwa sababu mdomo hueleza maisha ya mwenyewe. Mdomo mfupi na mnene wa mnana huvunja punje. Ule wa chozi, mwembamba uliopinda, huingia ndani ya ua kufuata utamu wake. Wa kipanga una ncha iliyopinda ya kurarulia nyama. Heroe huinamisha kichwa hata mdomo ukapinduka juu chini, kisha huchuja chakula majini. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hilo hatahitaji kulikariri. Baada ya mdomo hufuata miguu, namna ya kuruka, sauti, na mahali ndege anapopatikana. Rangi nayo ina nafasi yake, kama kunguru wanavyoonyesha, mradi isiachwe itoe ushahidi peke yake.

Itasemwa kwamba shule hazina darubini, na mtihani hauulizi mambo hayo. La kwanza si hoja: kunguru huja mwenyewe hadi kwenye pipa la taka. La pili ni hoja nzito, nayo inawahusu watunga mitihani zaidi ya walimu. Hata hivyo, darasa la pwani linaweza kuanza muhula huu kwa daftari moja. Kila asubuhi, saa ile ile, wahesabiwe wenye shingo nyeupe na wenye shingo ya kijivu, kila kundi katika safu yake. Daftari hilo litawafaa pia wale wanaopanga mahali pa kutega mitego.