Birere: Kufuta kodi si kutengeneza kamyo

Wiki iliyopita, nyuma ya maduka ya vipuri hapa Birere, nilikuta kamyo imesimama, kabini imeinuliwa, na watu kama kumi wameizunguka. Katikati yao kijana mwenye ordinateri magotini. Alichomeka waya, akabonyeza, taa nyekundu ikazimika. Watu wakashangilia, mwenye kamyo akatoa dola. Kabla ya kufika Sake taa ikawaka tena na injini ikakosa nguvu. Aliporudi akaambiwa bongo la kamyo limekufa, atafute lingine la okazyo.

Niliuliza kodi ilikuwa namba gani. Hakuna aliyejua. Ilikuwa imefutwa.

Mimi ni mtu wa redio, si makanika, lakini hii siwezi kuinyamazia. Katika makamyo ya kisasa kompyuta ya injini, ya breki na ya gia zinaongea kwa waya mbili zilizosokotwa. Mfumo huo unaitwa CAN, kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986, na lugha inayotumika sana kwenye makamyo ni J1939. Hitilafu inakuja na namba mbili: ya kwanza inataja sehemu, ya pili inasema sehemu hiyo ina ugonjwa gani. 100 ni presha ya mafuta ya injini, 110 ni joto la maji. Namba ya pili ikiwa 5, anza kutafuta waya iliyokatika au plagi iliyolegea. Waya, jamani! Na wewe unamuuzia mzee wa watu bongo zima?

Tena kuna kipimo kisichohitaji hata ordinateri. Kila mwisho wa zile waya mbili kuna rezistansi ya omu 120. Zima kontakti, weka multimeta kati ya waya hizo, unapaswa kupata karibu omu 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Multimeta zinauzwa pale pale Birere, hatua chache na ile kamyo. (Fuso za zamani zenye pompi ya chuma tupu hazimo katika maneno haya, zile zinataka sikio na funguo.)

Nitaambiwa: bwana mwandishi, vijana hawa wangejifunzia wapi? Ni kweli, programu halali ni ghali na wengi wamejifunza kwa kuangalia wenzao. Kwa hilo siwalaumu. Nawalaumu kwa kuandika upya bongo la kamyo wakati batri imechoka. Kusoma kodi hakuui kitu, lakini umeme ukishuka katikati ya kuandika, bongo linaweza kufa kweli, na gharama inabaki kwa mwenye gari.

Wenye makamyo nao wasijifanye malaika. Shasi ikipasuka kwenye barabara ya Masisi, mnaita mchomeleaji, anachoma bila kufungua batri, umeme wake unapita mpaka kwenye kompyuta. Kesho mnalia.

Na hapa si habari ya pesa tu. ABS ya breki inatumia mtandao huohuo. Mtu akizima onyo la breki ili taa isimsumbue shofa, wanaohatarishwa ni mama zetu wa soko wanaopanda juu ya mizigo, na wao hawajawahi kuiona hiyo taa.

Ndiyo maana nawaambia wenye makamyo: msilipe hata franka moja kabla makanika hajawaandikia kwenye karatasi kodi alizozikuta na zilizobaki baada ya kazi. Akikataa, chukua funguo zako, uende kwa mwingine.

Jana nilipita tena. Kabini bado iko juu. Wanangoja bongo la okazyo kutoka Kampala, na waya hazijapimwa.