"Subiri kidogo" si dawa ya laptopu isiyoamka

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie. Humu bwenini kuna ubishi wa laptopu: ukiilaza kisha ukaifunua, mshale haujongei, tachipedi imekufa ganzi. Jamaa wa kompyuta wanasema dawa ni kuiongezea draiva nusu sekunde, eti "isubiri kidogo". Mmoja kaniambia mie wa ualimu nibaki na chaki zangu. Sawa, chaki ninayo, niwachoreeni.

Keneli ya Linux hulaza vifaa kwa orodha. Kilichosajiliwa mwisho hulala kwanza, na wakati wa kuamka orodha inaanzia juu. Mzazi hulala baada ya watoto, huamka kabla yao. Ni kama shuleni, mwenye funguo hutoka wa mwisho na kufika wa kwanza. Shida ni kwamba kifaa kinaweza kumtegemea asiye mzazi wake. Tachipedi nyingi za siku hizi mzazi wao ni njia ya I2C, lakini taarifa kwamba kidole kimegusa hupitia pini ya GPIO, na GPIO ni ukoo mwingine kabisa! GPIO ikisajiliwa baadaye, tachipedi inaamshwa huku mwenye funguo bado anakoroma. Na tangu toleo 2.6.34 la mwaka 2010 vifaa vinaweza kuamshwa sambamba, kwa hiyo kukisia zamu ni kamari tupu.

Sasa hiyo nusu sekunde yenu inajua nini? Kwako inatosha, kwa jirani haitoshi, na wote mnaipoteza kila siku. (Mtu kama huyu akipewa kupanga ratiba ya mitihani tumekwisha.) Dawa ipo tangu 2017, toleo 4.10, Rafael Wysocki na wenzake walipoingiza viungo vya vifaa. Draiva inatamka waziwazi kwamba huyu anamtegemea yule, na keneli inapanga yenyewe: mtegemezi alale kwanza, anayetegemewa aamke kwanza, hata kama kuamsha ni kwa sambamba. Mistari michache tu ya kodi.

Na msiniletee ya "zima kabisa uwashe upya". Kwetu Makere, mwalimu anayebania chaji analaza mashine kati ya kipindi na kipindi, andalio la somo likiwa wazi. Kila akiwasha upya chaji inakwenda, na darasa zima linamkodolea macho.

Kesho jioni nipo kantini na laptopu yangu. Anayetetea nusu sekunde aje na yake, tuzilaze zote mara ishirini mbele ya watu.