Kabla ya kujenga tovuti, andika daftari

Wenzangu wa kuunda programu hawatapenda ninachoandika leo, lakini acha wanune. Nimechoka na hii tabia ya kuwauzia watu tovuti kana kwamba ni tiketi ya kwenda Ulaya. Mtu ana maembe yaliyokaushwa au mafuta ya parachichi, anataka kuuza nje ya nchi. Anayemwendea kwanza ni nani? Fundi wa tovuti! Anatengenezewa ukurasa wenye picha ya meli na bendera za mataifa, anafunguliwa barua pepe yenye jina la kampuni, anatozwa pesa ambazo zingelipia vipimo vya maabara, kisha anakaa kumsubiri Mjerumani abonyeze kitufe.

Jamani, mnunuzi wa nje hajashindwa kukuona. Parachichi za Kenya anazijua. Anachotaka kujua ni kitu chako ni nini hasa, kimetoka shamba lipi, kilinyunyiziwa dawa gani na tarehe ngapi. Majibu hayo hayakai kwenye tovuti. Yanakaa kwenye rekodi, na rekodi ndizo tunazokosa.

Tuanze na hilo la kwanza, kitu chako ni nini. Forodha haijui majina matamu uliyoandika kwenye lebo, inajua nambari. Mfumo unaoitwa HS umetumika tangu 1988, na tarakimu zake sita za mwanzo ni zile zile karibu dunia nzima. Parachichi ni 0804.40. Embe, liwe limetoka mtini leo au limekaushwa, ni 0804.50, lakini ukilikamua likawa juisi umehamia sura ya 20, yenye ushuru wake na masharti yake. Makadamia yenye ganda ni 0802.61, yaliyobanguliwa ni 0802.62. Tofauti ni tarakimu moja tu, ila sheria ya Kenya imekuwa ikizuia kusafirisha yale yenye ganda, marufuku iliyolegezwa kwa muda tu mwishoni mwa 2023. Sisi watu wa programu tunajua uchungu wa kukosea herufi moja kwenye msimbo. Hapa kompyuta haikupi ujumbe wa kosa. Mzigo ndio unaolala bandarini ukikuhesabia gharama.

Kutoka kwenye nambari hiyo ndipo unaposoma ushuru wa nchi unayoilenga, vibali unavyohitaji, na kama mkataba fulani unakufaa. Mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Vizuri. Lakini haumsaidii mtu asiyeweza kuonyesha kwamba bidhaa ni ya Kenya kweli, na hilo linaonyeshwa kwa karatasi za malighafi, si kwa bendera ya Kenya iliyopachikwa juu ya ukurasa.

Sasa njoo kwenye dawa. Ulaya, kama dawa haijawekewa kiwango chake maalum, kinachotumika ni miligramu 0.01 kwa kilo. Ukinunua mazao kwa wakulima arobaini na mmoja wao akanyunyizia wiki ya kuvuna, shehena yote ina tatizo, na wewe huna njia ya kumjua ni nani. Utawalaumu wote arobaini, au utamlaumu broka. Aliye na daftari lenye jina la mkulima, tarehe ya kunyunyiza, tarehe ya kuvuna na nambari ya kreti atamtenga mmoja na kuendelea na kazi. Mnakumbuka maembe? Mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuyapeleka Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko halikufunguka tena hadi 2021. Miaka saba! Nzi hakuzuiwa na tovuti ya mtu yeyote.

Wa kahawa ndio wataona mambo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji wa misitu inataka kahawa iambatane na viwianishi vya shamba ilikotoka, vyenye tarakimu sita baada ya nukta, pamoja na uthibitisho kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilofika hekta nne linaruhusiwa nukta moja; kubwa zaidi lazima mpaka wake wote uchorwe. (Tarakimu sita ni kama sentimita 11 ardhini. Simu yako hukosea kwa mita kadhaa, lakini nani atabishana na Brussels?) Kuanza kwa kanuni hiyo kumesogezwa mbele mara mbili, na watu wamechukulia hiyo kama likizo. Ni hapa ambapo fundi wa programu angefaa kitu: programu ndogo ya simu, inayofanya kazi hata pasipo mtandao, ambayo karani wa kiwanda cha kahawa anaweza kutembea nayo shambani. Hatuitengenezi. Tunatengeneza picha zinazotembea zenyewe kwenye ukurasa wa mbele.

Halafu malipo. Benki ya mnunuzi ikiahidi kulipa ikishapokea nyaraka, ujue inasoma nyaraka tu. Kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara zinazotumika tangu 2007 zinasema wazi kwamba benki hushughulika na nyaraka, si bidhaa. Ankara ikisema kilo 10,000 na hati ya meli ikisema 9,800, unaweza kukosa kulipwa hata kama parachichi zimefika salama na zinaliwa.

Nitaambiwa hiyo ni kazi ya wakala wa forodha. Wakala hujaza fomu kwa maelezo unayompa wewe. Ukimpa uongo atajaza uongo kwa mwandiko mzuri. Nitaambiwa pia kwamba mnunuzi hukutafuta kwenye mtandao kabla ya kukujibu. Ni kweli, na ukurasa mmoja wenye jina, anwani na picha ya kituo chako cha kupakia unamtosha.

Na kwa nini lazima uanze na Ulaya? Uganda iko hapo Malaba, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa bidhaa zetu. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Peleka huo. Jifunze kuandika ankara inayolingana na mzigo, ujue usafiri unakula kiasi gani, uone kama unalipwa kwa wakati. Baada ya shehena tatu za Kampala, kama bado unataka tovuti, njoo na daftari lako tuzungumze bei.