Bellingham alivuka mpaka ukiwa bado wazi

Jude Bellingham alikuwa na umri wa miaka 16 na siku 38 alipoichezea Birmingham City timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza, Agosti 6, 2019, dhidi ya Portsmouth katika Kombe la Ligi. Rekodi ya klabu aliyoivunja ilikuwa ya Trevor Francis, iliyodumu tangu mwaka 1970. Kabla mwezi haujaisha alitoka benchi na kuifunga Stoke City bao la ushindi.

Msimu uliofuata hakuwa tena Uingereza. Julai 2020 aliuzwa kwa Borussia Dortmund ya Ujerumani kwa bei iliyotajwa kuwa takriban pauni milioni 25. Birmingham wakaistaafisha jezi yake namba 22, na mashabiki wa klabu nyingine wakacheka: heshima hiyo kwa mtoto wa miaka 17, tena wa msimu mmoja! Mwaka 2023 Real Madrid walimchukua kwa euro milioni 103, na kicheko kikaisha.

Habari hii husimuliwa kama habari ya kipaji, na kipaji kipo. Lakini ni habari ya mpaka pia.

Manchester United walimtaka. Walimkaribisha kwenye viwanja vyao vya mazoezi, akakutana hadi na Alex Ferguson. Yeye na familia yake wakachagua Dortmund, ambako Jadon Sancho alikuwa ametangulia mwaka 2017 akiwa na miaka 17 na kupewa nafasi ya kucheza. Mfanyabiashara yeyote anauelewa uamuzi huo: mzigo hupelekwa kwa mnunuzi atakayeutumia leo, si kwa tajiri atakayeulaza stoo.

Sasa tazama tarehe. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ni uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, ambako miaka 16 inatosha. Uingereza ilijitoa kwenye umoja huo Januari 31, 2020, lakini kipindi cha mpito kiliendelea hadi Desemba 31. Bellingham alipita humo. Angechelewa miezi sita tu, angesubiri hadi Juni 29, 2021, siku aliyotimiza miaka 18.

Waliopiga kura ya kujitoa walibishana kuhusu wahamiaji na samaki. Vijana wa soka hawakuwa kwenye hesabu. Leo kijana wa Ufaransa wa miaka 17 anaweza kusajiliwa Dortmund. Wa Birmingham hawezi. Hata vijana wa Ireland, ambao kwa miaka mingi walivuka bahari kujiunga na klabu za Uingereza wakiwa na miaka 16, wanasubiri 18. Wanaopita Namanga na Busia wanaijua hali hiyo: nyanya ni zilezile, kilichobadilika ni karatasi.

Wapo wanaosema ni heri watoto wakae nyumbani wakomae. Hoja hiyo ina uzito. Mama yake Bellingham alilazimika kuhamia Dortmund kuishi naye, na baba akabaki Uingereza na mdogo wake. Si kila familia inaweza kugawanyika hivyo. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa familia, nao waliufanya wakijua bei yake. Wanaoibeza Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, kuwa ni karatasi ya wakubwa wa Arusha, waangalie uamuzi huo sasa unafanywa na nani.

Yule mdogo, Jobe, naye amevuka kwenda Dortmund akitokea Sunderland, Juni 2025. Alikuwa na miaka 19.