Oili Chafu Si Dawa ya Mbwa

Kiwalani, kama mitaa mingi ya Ilala na Temeke, mbwa mlinzi akianza kujikuna mpaka kunyonyoka manyoya, ushauri ni uleule: nenda gereji, omba oili chafu, mpake mwili mzima. Wengine humwagia mafuta ya taa. Watu wanauamini kwa sababu wanaona viroboto wakianguka, na hapo ndipo wanapopotea. Viroboto wazima walio mwilini ni takribani 5 tu kati ya kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa, wamo kwenye mchanga wa banda, kwenye gunia analolalia na kwenye nyufa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hudondoka kila mahali mbwa anapopita. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huyalea vizuri. Ndiyo maana anayepaka Jumamosi hii atapaka tena nyingine, na adhabu ni ya mbwa: mafuta ya taa huunguza ngozi yenye vidonda, oili ya injini ina metali zenye sumu, na kwa kuwa mbwa hujilamba, anachopakwa hukimeza. Hata dawa ya josho la ng'ombe si ya kukisia kwa kifuniko cha chupa. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, ikizidi, mbwa hulegea na moyo wake hupiga polepole.

Wapo watakaosema mbwa wao amepakwa miaka yote na hajafa. Kutokufa si kupona. Tena wadudu si viroboto tu: kupe wa kahawia hueneza ehrlichia na babesia, vimelea vya magonjwa ya damu, na mbwa aliyekonda mwenye fizi nyeupe huambiwa amezeeka, kumbe anaumwa. Wengine watasema mbwa analala nje, wadudu wake hawatuhusu. Kiwalani nyumba zimebanana na wapangaji wanatumia uwanja mmoja. Mchanga wa mbwa ndio mchanga wa mtoto. Kiroboto humuuma binadamu pia, na mtoto akimmeza kwa bahati mbaya anaweza kupata tegu wa mbwa.

Hoja ya pesa ndiyo nzito, nami siibezi. Lakini maji na sabuni vipo, kitana kipo, ufagio upo. Mwoshe, mchane, viroboto watumbukize kwenye maji ya sabuni. Kupe mvute kwa kibano kilichogusa ngozi, usimtumbue kwa vidole. Fagia banda kila siku. Fedha kidogo uliyonayo inunue dawa ya mbwa, ipimwe kwa uzito wake, kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mbwa wa uani naye ni mnyama. Jumamosi hii usiende gereji. Anza na lile gunia analolalia: lichome, umtandikie jingine safi.