Mbwa Mwitu Yupi, na Anaishi Wapi?

Muhula huu chama chetu kilijipa kazi ya kutafsiri makala fupi ya Kichina kuhusu láng. Sote tuliandika "mbwa mwitu" bila wasiwasi wowote. Kisha mmoja wetu akamsomea mama yake, aliyekulia Iringa na ambaye sasa anafanya biashara ya nguo hapa Sanyuanli. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa wanangu, mbona mmewapeleka kwenye theluji? Mbwa mwitu wako Ruaha. Wana madoa, na masikio mapana kama ya popo."

Tulicheka, lakini mama alisema kweli. Mnyama wake ndiye wataalamu wanayemwita Lycaon pictus, mwenye vidole vinne kila mguu, ambaye amebaki katika maeneo machache kama Ruaha na Hifadhi ya Nyerere. Inakadiriwa wako 6,600 hivi katika Afrika nzima. Láng ni Canis lupus, ndugu wa damu wa mbwa wa nyumbani. Kichina kinawatenga kwa maneno mawili. Sisi tumewatia wote katika gunia moja, halafu tunashangaa msomaji wa Iringa akipotea.

Tunaona kosa kubwa zaidi limo katika neno "mwitu". Tunajua lina maana ya asiyefugwa, kama paka mwitu na nguruwe mwitu. Hata hivyo, ukilisikia unaona miti. Katika rasimu yetu ya kwanza mmoja wetu aliongeza "msituni" mahali ambapo makala yenyewe haikusema msitu popote!

Láng si mnyama wa msitu peke yake. Hapa China yuko kwenye nyasi za Mongolia ya Ndani, Xinjiang, na uwanda wa juu wa Qinghai na Tibet, ambako huko Hoh Xil anawinda swala wa Tibet zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, mahali pasipo na mti hata mmoja. Yuko pia kwenye misitu ya kaskazini-mashariki. Nje ya China yuko kwenye barafu ya Aktiki na kwenye majangwa ya Arabuni. Wenzetu Waswahili wa Oman wanaishi nchi moja naye, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua kabla ya kazi hii.

Anachotafuta ni mawindo, udongo wa kuchimba pango, maji karibu na pango hilo watoto wakiwa wadogo, na watu wasiomuua. Watoto wakikua kidogo huhamishiwa mahali pa wazi, nao wakubwa huenda kuwinda na kurudi hapo. Penye mawindo mengi kundi moja linaweza kutosheka na eneo lisilofika kilomita za mraba 100. Penye uhaba linahitaji zaidi ya 1,000. Kutembea kwenye theluji kunachosha, kwa hiyo hufuata njia za watu, barabara za magari na mito iliyoganda. Ujerumani, walipoanza kuzaa tena mwaka 2000 baada ya kutoweka kwa zaidi ya miaka mia, walizaa ndani ya uwanja wa mazoezi ya jeshi. Mizinga haikuwasumbua kama bunduki ya mwindaji.

Ndiyo maana hatukubali jibu rahisi tulilosikia chamani, kwamba hapa kwetu hawapo kwa sababu mji umekula msitu. Kumbukumbu za zamani zinawataja hata mikoa ya kusini mwa China. Mlima Baiyun bado ni wa kijani mpaka kileleni, mita 382, na Jumapili umejaa wazee na chupa zao za chai. Miti ipo. Mawindo hayapo, na mbwa mwitu wenyewe waliuawa sehemu nyingi kama wezi wa mifugo. China imewaweka kwenye daraja la pili la wanyama wanaolindwa mwaka 2021 tu.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: katika gazeti letu "mbwa mwitu" peke yake abaki wa mama, yule wa madoa. Láng aandikwe "mbwa mwitu wa kijivu", na sentensi ya kwanza itaje anaishi wapi: nyikani, jangwani au mlimani. Tunajua wengine ni weupe na wengine weusi, na waalimu wetu watatuambia jina ni refu. Tunawaomba walivumilie, au watupe lililo bora.

Tafsiri tumeisahihisha na mama ameisikia upya. Safari hii aliuliza jambo moja tu, kama hao wa kijivu wanakula mbuzi. Wanakula.