MASTAA MNALIA LOGO ZIMEPASUKA, FAILI LA VEKTA MLIOMBA?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, juzi kati katundika bango la shoo yake na mashabiki wakamponda vibaya mno. Picha yake kali, pamba zimekaa, ila logo pale juu imepasuka kama imepigwa skrinishoti mara kumi. "Staa mzima logo ya WhatsApp?" Naye katoka povu eti dizaina mpya ni kanjanja.

Ukweli usemwe, dizaina mpya kaonewa! Kaletewa JPEG iliyopita kwenye magrupu matano, kaambiwa aiweke kwenye bango la mita sita. JPEG ni vidoti vya rangi, ukivikuza vinakuwa vigae. Logo inatakiwa ikae kwenye vekta, yaani mistari na mipindo inayoshikiliwa na nukta, kompyuta inapiga hesabu upya kila inapokuzwa. Ni hesabu zilezile ambazo Pierre Bézier, injinia wa Renault, alizitumia kuchora bodi za magari miaka ya 1960. Vekta hiyohiyo inatosha kwenye kadi ya biashara na inatosha ubavuni mwa daladala la Mbagala.

Sasa kimbembe kiko kwa dizaina wa kwanza. Meneja kampigia: "Kaka, tunaomba lile faili la logo." Jibu: "Bosi, mashine iliungua." Wiki iliyofuata mashine imefufuka, "ongezeni laki mbili." Alipobanwa zaidi kaja na mpya: "Mimi nilichora kwa CorelDRAW, nyie mnatumia Illustrator, haviendani."

Haviendani wapi? Illustrator ipo tangu 1987, CorelDRAW tangu 1989. SVG ilipitishwa na W3C mwaka 2001, PDF ikawa kiwango cha ISO mwaka 2008. Unahifadhi kwa SVG au PDF, unamtumia mwenzako, kazi imeisha. Hata asiye na hela ya programu ana Inkscape, inapatikana bure. Anayesema njia za vekta hazihami kutoka programu moja kwenda nyingine, ama hajui kazi au anakuteka.

Kweli, kuna vitu huwa vinazingua njiani. Fonti ndiyo ya kwanza: mwenzako asipokuwa nayo, jina la staa linabadilika mwandiko. Dawa yake ni kugeuza maandishi yawe mipindo kabla ya kutuma: CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Shift+Ctrl+O. Ila bakiza nakala moja yenye maandishi hai, siku ukitaka kubadili herufi. Pili ni vivuli na ukungu, hivyo mara nyingi hugeuka picha vikihama. Tatu ni saizi: SVG ya Illustrator ikifunguliwa Inkscape inaweza kutokea ndogo, asilimia 75, kwa sababu mmoja anahesabu 72 kwa inchi na mwingine 96. Umbo halijaharibika, andika kipimo sahihi uendelee na maisha. Hayo yote ni kazi ya dakika kumi, siyo ya laki mbili!

Halafu kuna kundi lingine baya zaidi. Wanachukua JPEG ileile, wanaitumbukiza ndani ya PDF, wanakwambia "vekta hiyo, sista." Fungua kwenye Illustrator, bonyeza Ctrl+Y. Ukiona mistari ya logo, sawa. Ukiona kiboksi tu, umepigwa.

Madizaina wana utetezi wao: mteja kanunua chakula, hajanunua jiko. Kwa rasimu na majaribio yao wako sahihi, hayo ni yao. Lakini logo siyo sahani ya chipsi inayoliwa ikaisha. Staa ataiweka kwenye tisheti, kofia, bango na video kwa miaka. Kumpa JPEG peke yake ni kumuuzia gari halafu ukabaki na funguo.

Na mastaa nao wasijifanye malaika. Mtu anavaa cheni ya mamilioni, dizaina anamlipa elfu ishirini na "nitakutag." Hapo unategemea upewe nini? Njaa ndiyo inayomfanya dizaina alikalie faili, kwa sababu anajua bila hivyo hapigiwi simu tena.

Dawa ni kuandikishana mapema. Dizaina ataje bei inayojumuisha vekta, staa ailipe bila longolongo. Na kabla malipo ya mwisho hayajatoka, meneja apokee SVG, PDF na PNG isiyo na mandharinyuma, azifungue mbele ya dizaina, kisha azihifadhi kwenye barua pepe ya ofisi, siyo kwenye simu ya mshikaji.

Mdau, nani mwenye makosa hapa, dizaina aliyekalia faili au staa wa elfu ishirini? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi hapana.